Somo la 8: Kuitengeneza Madhabahu ya Nyumbani

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya funzo la juma hili: Mwanzo 12:7–13:4, Kumbukumbu la Torati 6:4–9, 2 Timotheo 1:5, 3:14, 15, Matendo 16:1, 1 Samweli 2:12–3:18, Mwanzo 35:1–7, Waefeso 6:4, Malaki 4:5, 6.

Fungu la kukariri: Kumbukumbu la Torati 6:6, 7. Familia ilisome kwa pamoja kila jioni ya juma hili, mpaka hata mtoto mdogo aweze kulisema bila kutazama Biblia.

Anayetoka Nzega hufika Tinde mahali barabara inapogawanyika. Mkono mmoja huelekea Shinyanga mjini na kuendelea hadi Mwanza. Mkono mwingine huelekea Isaka, Kahama na mpaka wa Rusumo. Mchana na usiku malori hupita hapo kwenda Rwanda, Burundi na Kongo. Njia hizo hizo huwachukua wanaume wa vijiji vya jirani, mvua zinapokosekana, kwenda kutafuta dhahabu: wengine karibu, huko Mwakitolyo, wengine mbali, Kahama na Geita. Mke, watoto na bibi hubaki.

Familia itakayofuatwa katika somo hili haina jina, maana zilizo kama hiyo ni nyingi. Baba alikuwa shemasi. Kila jioni, baada ya ugali, alichukua Biblia na Nyimbo za Kristo kutoka rafuni, watoto wakaketi mkekani, wakaimba, wakasoma, wakapiga magoti. Mwaka mmoja mvua zilikatika mapema, mahindi yakakaukia shambani yakiwa yanatoa mbelewele, naye baba akaenda machimboni kwa miezi mitatu. Miezi mitatu ikawa miaka miwili. Aliporudi, vitabu vilikuwepo. Madhabahu ndiyo haikuwa mahali alipoiacha.

Juma hili tutaona kwamba ibada ya nyumbani hutunzwa na yeyote aliyebaki nyumbani, na kwamba mzazi aliyeiacha ibomoke huanza kuitengeneza kwa toba kabla ya mahubiri.

JUMAPILI: Hema na Madhabahu

Soma Mwanzo 12:7, 8 na 13:18. Abramu alifanya nini kila alipohamia mahali papya?

Abramu alikuwa mtu wa kuhama. Aliishi hemani, akafuata malisho na maji kama wafugaji wa Usukuma wanavyofahamu. Lakini kila alipokaa, alijenga madhabahu. Alijenga karibu na Shekemu, akajenga tena kati ya Betheli na Ai, na baadaye Hebroni. Hema liling'olewa, madhabahu ikabaki. Na pale hema lilipopigwa upya, madhabahu nyingine ilijengwa. Familia yake haikuwa na nyumba ya kudumu, ila ilikuwa na ibada ya kudumu.

Soma sasa Mwanzo 12:10–13:4. Njaa iliingia nchini, Abramu akashuka Misri. Katika habari zote za Misri haitajwi madhabahu hata moja. Kinachotajwa ni hofu, na uongo uliomweka Sarai katika hatari. Njaa ilikuwa ya kweli, na kutafuta chakula kwa ajili ya familia si dhambi. Hatari ilikuwa kwamba katika safari ya kutafuta mkate, mwenye nyumba alianza kujilinda kwa akili yake mwenyewe, na gharama ikawaangukia watu wa nyumbani mwake. Aliporudi, hakwenda kujenga mahali pengine. Alirudi mpaka mahali pa madhabahu aliyoifanya mwanzo, akaliitia jina la Bwana hapo.

Musa alipowapa Israeli maagizo ya kulea watoto, hakuanza na mtoto. Soma Kumbukumbu la Torati 6:6, 7. Maneno ya Mungu yanapaswa kukaa kwanza katika moyo wa mzazi, ndipo yafundishwe. Kisha Musa anataja nyakati nne: kuketi nyumbani, kutembea njiani, kulala na kuamka. Hizo zote ni saa za kawaida, saa za kupepeta dengu, kuchota maji, kutandika kitanda, kusubiri chai ichemke.

Wazee wa Kisukuma walilijua jambo hili kwa njia yao. Jioni moto uliwashwa uani, ule uitwao shikome, na wavulana wakaketi kuuzunguka pamoja na wazee. Hapo walifunzwa asili ya ukoo, adabu, kazi na ujasiri. Hakuna aliyeandikishwa wala kupewa cheti. Walifunzwa kwa sababu mkubwa aliketi, na mdogo akaketi karibu naye. Leo katika kaya nyingi moto huo umezimika. Mahali pake kuna simu, na kila mmoja ameinamia ya kwake. Ikiwa baba na mama Mkristo hawataketi, watoto hawatakosa mwalimu. Watafundishwa na stendi, na picha za simuni, na wanaobashiri matokeo ya mpira.

Tafakari: Katika nyumba yako, ni saa gani ambayo watu wote, au karibu wote, huwa mahali pamoja? Saa hiyo hutumiwa kwa nini?

JUMATATU: Aliyebaki Nyumbani

Soma 2 Timotheo 1:5. 3:14, 15 na Matendo 16:1. Timotheo alifundishwa Maandiko na nani? Biblia inasema nini kuhusu baba yake?

Baba yake Timotheo alikuwa Myunani, na Biblia haimtaji miongoni mwa waamini. Kama ibada ya nyumbani ingehitaji lazima mwanaume wa kuiongoza, Timotheo asingejua Maandiko. Lakini alikuwa na mama, Eunike, na bibi, Loisi. Wanawake hao wawili walimjaza mtoto Maandiko tangu utoto, na Paulo alipohitaji msaidizi, alimkuta Listra kijana ambaye tayari alikuwa amelelewa.

Mama wa ile familia ya Tinde alichelewa kuliona hili. Mume wake alipoondoka, alianza kupika wali na maharage kwenye stendi. Aliamka saa kumi alfajiri, akarudi saa tatu usiku, kwa sababu madereva wa malori hula zaidi kuanzia saa moja jioni. Aliwakuta watoto wamelala. Kwa miezi minne hapakuwa na ibada ndani ya nyumba ile. Moyoni alijiambia kwamba ibada ni kazi ya mwenye nyumba, na mwenye nyumba hayupo. Tena alikuwa amechoka.

Aliyeianza tena ni bibi, mama mzazi wa baba. Bibi hakujua kusoma, na macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Jioni moja alimwita mjukuu wake wa darasa la tano, akamwambia, "Mama, nisomee kidogo kabla sijalala." Huko Usukumani, kama kwingineko, bibi humwita mjukuu wa kike mama kwa upendo. Binti akasoma mistari michache ya Zaburi. Kesho yake mdogo wake wa kiume akaja kusikiliza, akapanda kitandani. Siku ya tatu wakaimba. Ibada ikawa pale, ukingoni mwa kitanda cha bibi: wimbo mmoja, fungu moja, ombi moja. Haikuzidi dakika kumi. Bibi alipenda kuuliza swali lile lile kila siku: "Hapo tumesikia nini?" Na kila mtoto alipaswa kujibu kwa neno lake mwenyewe.

Mama alipogundua, aliona aibu kwanza, kisha akafanya uamuzi uliomgharimu. Siku za Ijumaa alifunga biashara saa kumi alasiri. Ijumaa ni siku nzuri ya mauzo, na siku ya kwanza alirudi nyumbani na nusu ya sufuria ya wali. Lakini jua lilipokuwa likizama, watoto walikuwa wameoga, nyumba imefagiwa, taa imewashwa, na mama alikuwa mkekani. Sabato ikafunguliwa na watu wote waliokuwepo. Mtoto mdogo wa kiume alisema, "Leo mama amekuja mapema kama kwenye sikukuu." Kwake yeye, tangu siku hiyo, Sabato ilikuwa na harufu ya wali na sura ya mama.

Wako akina mama wengi kanisani walio katika hali hii: wajane, walioachwa, wenye waume wasioamini, wenye waume walio machimboni au barabarani. Wasisubiri. Mungu hakumngoja baba yake Timotheo.

Tafakari: Je, kuna mama au bibi katika kanisa lako anayelea watoto peke yake? Ni msaada gani wa vitendo unaoweza kumwezesha kuwa nyumbani Ijumaa kabla ya machweo?

JUMANNE: Mtu wa Hekalu, Mgeni wa Nyumbani

Soma 1 Samweli 2:12–17, 22–25 na 3:11–14. Eli alikuwa na wajibu gani katika Israeli? Nyumbani mwake hali ilikuwaje?

Eli aliijua madhabahu kuliko mtu yeyote wa wakati wake. Alijua sadaka zote na utaratibu wote. Lakini wanawe, Hofni na Finehasi, waliokua wakitazama sadaka zikitolewa kila siku, hawakumjua Bwana. Mungu anamshtaki Eli kwamba alijua uovu wa wanawe, naye hakuwazuia. Alisema nao, lakini alikuwa amechelewa, na maneno yake hayakuwa na uzito tena.

Onyo hili linawahusu hasa watumishi wa kanisa. Mzee wa kanisa anaweza kuhubiri kwenye makambi mpaka watu wakalia, na nyumbani asijue mtoto wake anasoma darasa gani. Kiongozi wa kwaya anaweza kuimbisha umati, na hajawahi kuimba na watoto wake. Kazi ya Mungu inayomfanya mzazi awe mgeni kwa watoto wake inahitaji kuangaliwa upya.

Baba wa Tinde alirudi siku ya Jumanne. Usiku ule ule alichukua Biblia kutoka rafuni, akaita watu wote sebuleni. Hakuuliza ibada huwa inafanywaje. Alihubiri karibu saa nzima juu ya utii. Mtoto wa kiume, ambaye alipoagana na baba yake alikuwa na miaka sita, alisinzia, akapigwa kofi. Binti, kama alivyozoea, alifumba macho aanze ombi la kufunga, baba akamkatiza: "Mtoto haongozi ibada mwenye nyumba akiwepo." Kijana mkubwa wa miaka kumi na saba, aliyekuwa ameacha shule na kuosha malori pale stendi, alikuwa ameshatoka nje kabla ya wimbo wa kwanza.

Asubuhi, mtoto alimfuata bibi yake jikoni, akamuuliza kwa sauti ya chini, "Bibi, baba akirudi machimboni, tutaimba tena kule kwako?"

Bibi hakujibu. Baba alikuwa nyuma ya ukuta ananawa uso, akalisikia swali hilo lote.

Eli alikosea kwa kunyamaza, na baba huyu alikosea kwa kupaza sauti. Soma Waefeso 6:4. Paulo anayazuia makosa yote mawili katika fungu moja: mzazi asiwachokoze watoto wake mpaka wakasirike, wala asiwaache bila malezi na maonyo ya Bwana. Ukali peke yake humfanya mtoto amhusishe Mungu na kofi. Ulegevu peke yake humfanya adhani kwamba Mungu hajali.

Hata hivyo kuna jambo jema la kujifunza kwa Eli. Soma 1 Samweli 3:8, 9, 15–18. Usiku ule Mungu alisema na mtoto, si na kuhani mzee. Eli alitambua hivyo, akamfundisha Samweli jinsi ya kuitika, na asubuhi akamtaka aseme yote bila kuficha, ingawa ujumbe ulikuwa juu ya nyumba yake mwenyewe. Akaupokea. Mzazi anayeweza kusikia ukweli kutoka kinywani mwa mtoto bado hajapotea.

Tafakari: Watoto wako wakiulizwa leo na mtu mwingine, "Ibada ya nyumbani kwenu ikoje?" unadhani watajibu nini?

JUMATANO: Chini ya Mwaloni

Soma Mwanzo 35:1–5. Mungu alimwagiza Yakobo afanye nini? Yakobo aliwaambia watu wa nyumbani mwake wafanye nini kwanza?

Sura iliyotangulia ni ya huzuni. Dina alitendewa jeuri, Yakobo akanyamaza, na wanawe wakachukua upanga na kuua wanaume wote wa mji. Nyumba ya mtu aliyeahidiwa baraka ilikuwa imevurugika. Ndipo Mungu akamwita Yakobo arudi Betheli akajenge madhabahu. Lakini kabla ya safari Yakobo alisema na watu wa nyumbani mwake waiondoe miungu ya kigeni iliyokuwa kati yao, wajisafishe, wabadili mavazi. Wakampa miungu hiyo na pete za masikioni, akavifukia chini ya mwaloni karibu na Shekemu.

Miungu hiyo ilifikaje katika nyumba ile? Mwanzo 31:19 na 31:34 zinaonyesha kwamba Raheli aliiba vinyago vya baba yake na kuvificha katika matandiko ya ngamia. Wakati huo Yakobo hakujua. Familia inaweza kubeba kitu kilichofichwa miaka mingi, huku ikiendelea kuomba.

Baba wa Tinde naye alikuwa na kitu kilichofichwa. Machimboni, duara lao lilikaa miezi saba bila kutoa. Alikuwa analipwa kwa viroba vya mawe, na mawe yalipopelekwa kwenye karasha hayakutoa chochote cha kutuma nyumbani. Wenzake wakamwambia hakuna anayepata bila kufanyiwa dawa. Kwanza alifanya kazi siku ya Sabato kwa kuogopa kuondolewa kwenye kikundi. Kisha akaenda kwa mganga. Akapewa hirizi ya kufunga kiunoni ili duara litoe. Duara halikutoa, lakini hirizi alirudi nayo, kwa sababu aliogopa kuivua. Usiku ule alipohubiri juu ya utii, alikuwa ameivaa ndani ya shati.

Swali la mtoto ndilo lililomvunja. Siku mbili hakuitisha ibada. Siku ya tatu alimwambia mke wake yote: hirizi, Sabato, deni alilokopa kwa jina la familia. Mke alilia, akakasirika, na hakusema neno mpaka jioni. Baadaye walimwita mzee wa kanisa. Hirizi ikachomwa katika moto wa jikoni, nao wakaomba pamoja, bibi akishika mkono wa mwanawe.

Kisha baba alikwenda kwa watoto. Hakuwasimulia kila kitu. Si kila jambo la mzazi ni la masikio ya mtoto. Yaliyo ya mke husemwa kwa mke, yaliyo ya kanisa husemwa kwa wazee na mchungaji. Kwa watoto alisema yale aliyowakosea wao. Alimwambia mdogo, "Nilikupiga kwa sababu ya hasira yangu, si kwa sababu ya kosa lako. Nisamehe." Alimwambia binti, "Wewe na bibi mmeitunza ibada ya nyumba hii nilipokuwa sipo. Leo utaongoza wewe, mimi nitasikiliza." Akaketi kwenye kigoda kifupi, karibu na mlango.

Wazazi wengi huogopa kwamba wakiomba msamaha watapoteza heshima. Lakini mtoto huwa ameshaliona kosa. Asichokijua ni kama baba yake ameliona. Mzazi anapopiga magoti mbele za Mungu na kukiri, mtoto hujifunza somo ambalo hakuna mahubiri yawezayo kulifundisha: kwamba neema ni ya kweli, na inafanya kazi ndani ya nyumba yao.

Tafakari: Je, kuna kitu kilichofukiwa au kufichwa nyumbani kwako kinachoizuia familia kuabudu kwa moyo mmoja? Nani anapaswa kuambiwa kwanza?

ALHAMISI: Ibada Fupi, Hai, ya Kila Siku

Soma Zaburi 78:1–7 na Kutoka 12:26, 27. Watoto wanahusishwaje katika kupokea na kupitisha habari za matendo ya Mungu?

Katika Pasaka Mungu aliacha nafasi kwa ajili ya swali la mtoto. Alitazamia mtoto aulize maana ya ibada ile, na mzazi ajibu. Ibada ambayo mtoto hana nafasi ya kuuliza, kusoma, kuimba wala kuomba, ni mkutano wa wakubwa uliohudhuriwa na wadogo.

Ellen White aliwashauri wazazi kwamba ibada ya familia iwe fupi na yenye uhai, isiwe na sura ndefu wala maombi marefu yanayowachosha watoto, tena isiachwe kwa sababu ya haraka za kazi. Aliyajua matatizo ya wazazi wanaosafiri. Yeye na mumewe James walipokuwa wakizunguka kuyatia moyo makundi ya waumini wa kwanza, mtoto wao wa kwanza, Henry, aliachwa mikononi mwa familia ya Howland huko Topsham, katika jimbo la Maine, Marekani, kwa takriban miaka mitano kuanzia 1848. Maumivu ya kuachana na mtoto hayakuwa hadithi kwake. Katika miaka iliyofuata, kila alipokuwa mbali, aliwaandikia wanawe barua, akawasihi wampende Yesu. Henry alifariki mwaka 1863 akiwa na miaka 16. James naye, mwaka 1852, alianza kuandika masomo ya Shule ya Sabato na kuyachapisha katika gazeti la vijana, The Youth's Instructor. Kwa hiyo somo ambalo familia inalishika mkononi leo lilianza kwa kuwafikiria vijana.

Mambo yafuatayo yanaweza kusaidia nyumba yoyote:

1. Chagueni saa inayowezekana, si saa inayopendeza. Kwa familia ya mkulima inaweza kuwa alfajiri kabla ya jembe. Kwa mama lishe, kabla hajatoka. Saa ikishachaguliwa, ilindwe.

2. Dakika kumi hadi kumi na tano zinatosha siku za kazi. Wimbo mmoja, fungu moja au Kesha la Asubuhi, swali moja, ombi fupi.

3. Gawaneni kazi. Asiyejua kusoma achague wimbo. Mdogo aombe. Kijana asome. Mzazi asikie zaidi kuliko anavyosema.

4. Ibada isigeuzwe mahakama. Makosa ya mchana yasemwe kwa faragha, wakati mwingine. Mtoto asiyesikia jina la Mungu isipokuwa anapokaripiwa atalikimbia jina hilo.

5. Ijumaa ianze mapema. Kazi za maandalio zigawanywe tangu Alhamisi, ili machweo yasiwakute watu wakigombana juu ya viatu na ndoo za maji. Kufungua na kufunga Sabato kuwe na furaha ya pekee ambayo mtoto ataikumbuka uzeeni.

6. Mzazi aliye mbali asijitoe. Simu inayotuma pesa inaweza pia kubeba ombi. Dakika tano za kusikia sauti ya baba ikimtaja kila mtoto kwa jina mbele za Mungu ni bora kuliko zawadi ya mwisho wa mwaka.

7. Siku ikikosekana, anzeni tena kesho bila lawama.

Tafakari: Kati ya mambo haya saba, ni lipi ambalo familia yako inaweza kuanza jioni ya leo?

IJUMAA: Kwa Kujifunza Zaidi

Soma 1 Wafalme 18:30 na Malaki 4:5, 6.

Juu ya mlima Karmeli, kabla ya moto kushuka, Eliya aliwakaribisha watu wasogee karibu naye, kisha akaitengeneza madhabahu ya Bwana iliyokuwa imebomoka. Hakutafuta mahali pengine pazuri zaidi. Alitumia mawe kumi na mawili, moja kwa kila kabila, hata makabila yale yaliyokuwa yamejitenga. Hakuna wa nyumba ya Yakobo aliyeachwa nje ya hesabu.

Malaki anaahidi kwamba kabla ya siku ya Bwana kazi ya Eliya itafanyika tena, na mahali pake ni katika familia. Angalia utaratibu wake: mioyo ya baba huwageukia watoto kwanza, ndipo mioyo ya watoto huwageukia baba zao. Mkubwa ndiye anayeanza safari. Waadventista wanaosema wanangojea siku ile hawawezi kuhubiri ujumbe wa Eliya barabarani na kuusahau mkekani.

Mwaka 1903 wamisionari wa kwanza wa Kiadventista, Johannes Ehlers na A. C. Enns, walifika Upare na kuanzisha kazi katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Vita Kuu ya Kwanza iliwaondoa wamisionari wa Kijerumani. Waliobaki walikuwa waumini wenyeji, pamoja na nyumba zao. Kanisa lenye madhabahu nyumbani halifi mhubiri anapoondoka.

Na ile familia ya Tinde? Shida zake hazijaisha. Deni bado linalipwa. Shamba halikutosha, na baba alilazimika kurudi Mwakitolyo. Lakini safari hii alijiunga na kikundi kilichokubali asishuke shimoni siku ya Sabato, ingawa mgao wake wa viroba ni mdogo. Kila baada ya majuma mawili hupanda gari Ijumaa asubuhi ili awahi machweo. Siku nyingine hupiga simu saa mbili kasoro robo usiku. Binti huweka simu ukingoni mwa kitanda cha bibi, sauti ikiwa juu, na mdogo huomba kwa kupaza sauti sana, akidhani Mwakitolyo ni mbali. Bibi bado anauliza, "Hapo tumesikia nini?" na baba hujibu kwa zamu yake kama watoto wengine.

Kijana mkubwa bado hajaketi. Baba alimfuata stendi, akamwomba msamaha kati ya malori mawili, naye akasikiliza bila kujibu. Ijumaa moja alisimama mlangoni mpaka wimbo ulipoisha, kisha akaondoka. Kigoda chake huwekwa kila jioni. Jina lake hutajwa katika kila ombi, na hakuna anayemsema vibaya mkekani pale. Ayubu aliamka mapema na kutoa sadaka kwa hesabu ya watoto wake wote (Ayubu 1:5), wakiwemo wale ambao hakujua mioyo yao ikoje. Nyumba ile inafanya vivyo hivyo, na inangoja.

Maswali ya Kujadili:

1. Kwa nini ni rahisi zaidi kwa mzazi kuhubiri kuliko kuomba msamaha? Shirikianeni darasani jinsi toba ya mzazi inavyoweza kujenga heshima badala ya kuibomoa.

2. Muumini anayefanya kazi machimboni, barabarani au sokoni hukutana na vishawishi gani vinavyorudi naye nyumbani? Kanisa linaweza kumsaidiaje akiwa huko, kabla hajaanguka?

3. Ikiwa kijana amekataa kuketi katika ibada ya familia, wazazi wafanye nini, na waepuke nini? Tumieni Luka 15:20 katika majibu yenu.

4. Idara ya Kaya na Familia katika kanisa lenu ingetembelea nyumba tatu juma lijalo, zingekuwa nyumba zipi? Amueni kabla ya darasa kufungwa nani atakwenda, na lini.